Mkanda wa Tatu Ulipoonyeshwa Mwisho

Mpanda, Jumapili, Novemba 1976

Joto la kuchosha. Tangu asubuhi mawingu yamejikusanya upande wa Magamba lakini mvua hainyeshi, na bati la chumba changu hapa kota za polisi linaalika tu kwa jua. Ni saa tisa mchana. Nimekaa kitandani, daftari liko magotini, na moyo haujatulia hata kidogo.

Kesho saa kumi na moja alfajiri naondoka na Koplo Desideri kwenda porini, kupita Kakese. Yule jangili mwenye gobore ameonekana tena. Kabla hatujaondoka kuna jambo lazima nimwambie Koplo, na leo nimeshajaribu mara mbili nikashindwa.

Nianze na sinema, maana ndiyo iliyonichokonoa.

Jana mchana gari la sinema lilitufikia. Ukumbini madirisha yalizibwa kwa mablanketi, nusu yake ni ya mahabusu wetu, na watu wakajaa mpaka hakuna pa kuweka mguu. Mimi na Koplo tulipewa benchi la mbele kwa sababu tulikuwa zamu ya kulinda mlango, na kwa wingi wa watu mlango haukufungika tena.

Sinema yenyewe ilikuwa ya mapolisi wawili wa Kizungu. Mmoja mnene, anakula kila aendako na hasemi. Mwingine mwembamba, kitana mfukoni, mdomo haufungi. Wamepewa gari moja na kesi moja, na hawapatani hata kuhusu njia ya kupita. Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo hapa kwetu lazima awepo mfasiri, anasimama kando ya kitambaa na kipaza sauti na kutueleza kinachosemwa. Mfasiri wetu ni karani wa stesheni, tunamwita Tiketi. Kiingereza chake kinaishia kwenye majina ya vituo vya reli. Asilolielewa analitunga, na watu wanampenda zaidi kwa hayo ya kutunga. Jana, wale wawili walipotokea tu, akatangaza kwamba mnene anaitwa Desideri na mwembamba anaitwa Hamisi.

Hamisi ni mimi.

Ukumbi mzima ulicheka mpaka benchi letu likatikisika. Sikukasirika. Nilifurahi, jamani, kwa sababu ni kweli tupu. Mimi ni mtu wa Pangani, buti zangu zinang'aa na maneno yangu hayaishi. Koplo ni mtu wa Mpimbwe, wazazi wake ni wakulima wa mpunga, Mkatoliki mwenye rozari mfuko mmoja na karanga mfuko wa pili. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole. Ananiita Redio. Kituo chetu kina baiskeli moja nzima, yeye anaendesha na mimi nakaa kwenye keria. Kila tukifika kijito anashuka, anavua buti, anaibeba baiskeli begani ili mnyororo usilowe, na mimi namsubiri ng'ambo nikilalamika kwamba jangili atazeeka kabla hatujamfikia. Wiki ya kwanza niliomba kwa siri nibadilishiwe mwenzangu. Baadaye nikasikia na yeye aliomba, siku hiyohiyo.

Nimejiuliza kwa nini sinema za namna hii zinanishika hivi. Nikiwa chuoni nilikuwa tayari kulala na njaa ili niione moja. Si risasi, wala magari kugongana. Ni ule ugomvi. Wanatukanana tangu mwanzo, kila mmoja anaapa kwamba kesho ataomba mwenzake mwingine, na wewe uliyekaa kwenye benchi unajua hakuna atakayemwacha mwenzake. Unacheka kwa raha kwa sababu una uhakika huo. Wangekuwa marafiki wa kushikana mikono ningesinzia.

Na mimi nilimwacha wangu.

Sijawahi kuliandika hili popote. Ilikuwa mwezi wa tisa, pori lilelile, jangili huyohuyo. Utaratibu wetu ni kwamba mmoja anatangulia, mwingine anafuata hatua kumi nyuma. Anayetangulia anaangalia pori. Anayefuata hana kazi ya kuangalia pori, kazi yake ni kumwangalia mtu wake. Koplo alitangulia, mimi nikafuata. Gobore likalia mara moja. Koplo akaangukia korongoni.

Sikujua kama amepigwa. Sikuangalia.

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka barabarani, kofia sijui iliangukia wapi. Pale nikakuta lori la watu wa kijijini likiwa na magunia ya mahindi, nikapanda juu yake. Sikumwambia dereva ageuze. Nilitaka lori liende mjini. Ni mama mmoja aliyekaa juu ya magunia ndiye aliyeitazama sare yangu akaniuliza mwenzangu yuko wapi, kwa maana mapolisi wa hapa hawaonekani ila wawili wawili. Hakungoja jibu, akapiga bodi ya lori kwa kiganja mpaka dereva akasimama, wanaume wakashuka na mapanga, wakanitanguliza mbele niwaonyeshe njia.

Tulimkuta Koplo amekaa chini, goti limevimba, bunduki mapajani. Hakupigwa risasi. Alikuwa peke yake pale kwa muda ambao mpaka leo sijathubutu kumuuliza ulikuwaje. Aliniangalia, akawaangalia wale watu, akasema, "Umeleta watu. Vizuri."

Nami nikamwacha aamini hivyo.

Akaandika kwa mkono wake kwenye kitabu cha matukio kwamba Konstebo Hamisi alikimbia haraka kutafuta msaada. Nikasifiwa kwenye gwaride. Mkuu wa Kituo ameniombea cheo. Na juzi ulipopangwa msafara wa kesho, Koplo mwenyewe akasema, "Redio awe nyuma yangu kama mwezi wa tisa." Alisema mbele ya wote. Tangu juzi sijalala vizuri.

Sasa hii ya jana. Sinema ilikuwa na mikanda minne. Baada ya mkanda wa pili ghafla tukamwona mnene amelala nyuma ya ukuta, mguu una damu, risasi zinanyesha, na mwembamba anatokea mbio akisukuma mkokoteni wa matikiti, anamtupa mwenzake ndani na kuondoka naye. Makofi, vigelegele. Tiketi hakujua mwembamba alikuwa ametoka wapi, akasema Hamisi alikwenda kuchota maji. Wakapewa medali, wakagombana juu ya medali. Tukajua imeisha.

Mwendesha sinema akaweka mkanda mwingine. Mnene yule yule, mzima, anakula mkate. Risasi. Anaanguka. Mwembamba anatupa kofia anakimbia, anakimbia mpaka anakuwa kidogo kabisa mwisho wa barabara. Mkanda ukaisha hapo, kitambaa kikabaki cheupe.

Ilibainika kwamba mkanda wa tatu uliwekwa kwenye kopo la nne. Kurudi tukakuona kwanza, kukimbia tukakuona mwisho. Tiketi alijitahidi, maskini. Akawaambia ndugu wananchi msihuzunike, huyu ameshakwisha kurudi, mmemwona kwa macho yenu. Watu hawakutaka. Amerudi lini na ndiyo kwanza anakimbia? Wanawake wa benchi la pili wakaanza kupiga makofi wakiimba Hamisi kakimbia, Hamisi kakimbia, na wote wakaitikia. Walikuwa wanatania tu. Mimi jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Koplo alikuwa na karanga kiganjani. Aliacha kutafuna.

"Redio," akasema. "Huyu alirudi mwenyewe, ama alirudishwa?"

Nikamwambia kipande hicho hatukukiona, Afande. Akatikisa kichwa, akarudisha karanga mfukoni.

Usiku kucha nimelichambua swali lile. Labda anajua. Labda alikuwa anauliza habari za sinema tu, maana Koplo hana maneno ya pembeni. Ningependa awe anajua, ili nisilazimike kusema. Ndivyo nilivyo mwoga.

Leo nilimsubiri nje ya kanisa. Akatoka na mkewe, Mama Fidelisi, ambaye akanishika mkono akanishukuru tena kwa ajili ya mwezi wa tisa, akasema bila mimi angekuwa mjane. Nikasema karibuni, nikaondoka. Karibuni wapi, hata sijui. Saa saba nikaenda kwake. Wakanikaribisha wali na maharage. Nikala sahani mbili, nikaeleza habari za Pangani, nikaaga.

Kama sitasema, kesho atatembea mbele yangu akiwa na uhakika. Gobore likilia, sijui miguu yangu itafanya nini. Huo ndio ukweli wangu. Yeye anadhani anajua.

Naweka kalamu. Naenda.

*

Saa kumi na moja jioni. Nimerudi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameigeuza baiskeli miguu juu anapaka mnyororo mafuta. Nilisimama nikasema yote bila kupumzika, jinsi nilivyokimbia, lori, mama wa kwenye magunia, mapanga mgongoni mwangu. Alikuwa anazungusha pedali. Akaendelea kuizungusha polepole, kisha akaiacha, gurudumu likazunguka lenyewe mpaka likasimama. Sijawahi kuona gurudumu likichukua muda mrefu hivyo.

Hakuwa anajua. Niliona usoni. Uso wake ulishuka, na nikajisikia vibaya kuliko siku ile yenyewe.

"Nani aliuliza niko wapi?" akasema.

"Mama mmoja, Afande. Jina lake silijui."

"Cheo kingekuwa chake huyo."

Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, kwa sababu kwenye sinema wakishatukanana mambo yanakwisha. Hakunitukana. Akasema tukirudi tutakwenda wote wawili kwa Mkuu wa Kituo na kitabu kitaandikwa upya, yeye ataandika na mimi nitatia sahihi. Nikasema ndiyo. Najua maana yake. Cheo hakipo tena, na huenda kazi nayo haipo. Kwa mama yangu Pangani nitaandika nini, sijui.

Nikauliza kama kesho ataomba aende na mtu mwingine.

"Hakuna mtu mwingine. Kesho utatangulia wewe. Mimi nitakuwa nyuma."

Nilidhani amemaliza. Akaigeuza baiskeli, akaisimamisha, akajaribu breki. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Ukiogopa, kimbilia nyuma. Nitakuwepo."

Akaingia ndani. Hakunikaribisha.

Nimepaka buti rangi, nimefuta bunduki, nimefunga mkate na chupa ya chai. Mawingu ya Magamba yamesogea mpaka juu ya stesheni na upepo una harufu ya vumbi bichi. Kesho vijito vitakuwa na maji, atashuka kila kimoja, na sitasema neno. Mtu niliyemkosea atatembea nyuma yangu na bunduki iliyojaa risasi, na katika watu wote ninaowajua ndiye pekee ambaye nina uhakika hataondoka. Je, nitaweza kutembea mbele yake kutwa nzima bila kugeuka kumwangalia?