Walimlilia Aliye Hai

Bi Biubwa mpendwa, naomba unisaidie kwa neno lolote ulilo nalo, maana padri wetu sijathubutu kumwambia na wewe angalau hunioni uso, mimi ni mama Mkongomani wa Troyeville, fundi wa kushona, shule nilifika la sita tu, utanisamehe mwandiko. Niite Masika, hata ukilichapa gazetini kwenye safu yako halinifichui, kwetu Wanande kila msichana wa kwanza ni Masika, jina ndilo linaonyesha mtoto ni wa ngapi, mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale, na humo ndimo nilimoangukia.

Mume wangu marehemu, Gustave, alikuwa mtoto wa kwanza wa mwami, mtawala wa kilima chao. Usicheke, najua hapa Joburg kila mgeni alikuwa mtoto wa mfalme kwao, lakini huyu ni kweli, kile kiti kimekaliwa na watu kumi wa ukoo mmoja, wa kwanza alikuja na mbuzi wawili na jembe akafyeka msitu, wa nne alikuwa na kigugumizi, kesi moja ilichukua siku mbili, wa saba Wabelgiji walimvua wakamweka mpishi wao, watu wakamwamkia mwami mchana na jioni Wabelgiji wakampelekea sufuria aoshe, mpaka baada ya miaka minne mpishi mwenyewe akabeba ile ngozi ya chui ya kiti akawarudishia wenyewe, akasema jamani chukueni kitu chenu. Kinashikwa na mtoto wa kwanza wa mtoto wa kwanza. Huyo akifa, wazee wanaketi upya na kuchagua katika nyumba zote za ukoo.

Gustave alitangulia huku kwa sababu ya vita, akaniacha na Mumbere wa miaka miwili na Kambale wa miezi minne. Mwaka 2009 nikamfuata na watoto wote wawili, na siku ya kuondoka baba mkwe alimshika Mumbere kichwani akaniambia, "Masika, kiti changu unakibeba mgongoni. Usikiangushe."

Nilikiangusha, Bi Biubwa. Mumbere alishikwa na homa tukiwa Karonga, Malawi, siku tatu tu, watu wa kanisa la pale wakamzika wakiimba kwa lugha nisiyoijua, na mimi nikapanda basi na Kambale siku hiyohiyo kwa sababu tiketi ilikuwa ya siku hiyo na nyingine sikuwa na uwezo nayo.

Park Station, stesheni kuu ya hapa Joburg, Gustave alikuja anakimbia, akaona mtoto mmoja, akamnyanyua juu akapiga kelele, "Mumbere wangu! Mwami!" Alikuwa hajawaona karibu miaka mitatu, angewatofautisha vipi? Halafu akaangalia nyuma yangu akauliza, "Na mdogo?" Nilitaka kusema, mdomo ukafunguka, kikatoka kilio tu, naye akaelewa alichoelewa. Akapiga simu nyumbani palepale stesheni, nikasikia sauti ya baba mkwe, "Kambale ametutoka? Lakini Mumbere yuko? Basi Mungu ametuhurumia." Ukishasikia hivyo unasemaje? Kule wakamfanyia Kambale matanga siku tatu, baba mkwe akanyoa kichwa. Kadi ya ubatizo iliyobaki mkobani ilikuwa ya Mumbere, ya mdogo ililowa njiani ikaoza, basi hata kwenye ofisi ya wakimbizi akaandikwa Mumbere, akaongezewa miaka miwili siku moja. Nesi wa kliniki akasema mtoto huyu ni mdogo sana kwa umri wake, mpe uji.

Mwenyewe alikuwa anasema, "Mimi Kambale." Wiki nyingi alisema hivyo. Na baba yake alikuwa analia, ananiambia, "Sikia, anamwita mdogo wake." Baadaye mtoto akaacha.

Sasa ni kijana, anatengeneza simu Fordsburg, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza na Kizulu, ila majina ya wale kumi anayataja yote kwa Kinande bila kukosea, babu yake alimfundisha kwa simu kila Jumapili. Kazini wanamwita Inkosi, ndiyo mfalme kwa Kizulu, "Eish, Inkosi, tuletee chai basi," naye anacheka, anawaambia, "Sharp, kunyweni tu, nikifika kwetu mtanipigia magoti." Gustave alifariki 2021 akiamini hivyohivyo. Na kila Novemba, siku ya kuombea marehemu, mwanangu anaandika kikaratasi cha misa, "Kambale, mdogo wangu," anawasha mshumaa, anapiga magoti, anajiombea yeye mwenyewe apumzike kwa amani, na mimi niko pembeni yake nasema amina.

Mwezi uliopita baba mkwe amefariki. Akapiga simu shemeji yangu Ruphin, mdogo wake Gustave.

"Mama Mumbere," akasema, kila mtu ananiita hivyo, kila siku ya Mungu, "mlete mtoto kabla ya Noeli. Kiti kinamngoja."

"Shemeji, si una vijana wanne wewe? Mmoja wao hawezi?"

"Wa kwangu ni wa kwangu. Nimesema Mumbere wa Gustave. Unataka ndugu yangu anikasirikie huko aliko?"

Akanieleza kwa upole kabisa kwamba siku hiyo wazee wataita marehemu wote wa nyumba, mmoja mmoja kwa jina, waje wamshuhudie. "Hata yule mdogo, Kambale, tutamwita. Asione tumemsahau."

Nikinyamaza, mwanangu atakaa juu ya ngozi ile akisikia jina lake linaitwa pamoja na wafu, na sijui nani ataitika. Nikisema, nimetupa kiti cha watu kumi, nimemzika Mumbere mara ya pili, na huyu mmoja niliyebaki naye nimemnyang'anya jina, umri, ufalme na mama kwa siku moja. Nimefunga, nimesali, mbinguni kimya. Meza ya Bwana naiendea na uongo mdomoni miaka kumi na sita. Siku nyingine naomba Mungu anichukue kabla ya Desemba, yaishe. Nifanye nini?

Masika, Troyeville

BI BIUBWA ANAJIBU

Masika ndugu yangu, pole. Ulizika mtoto ugenini na kupanda basi siku hiyohiyo, hakuna aliyekushika hata mkono. Mumbere hukumuua wewe, homa ilimuua. Kiti hakikuwa mgongoni mwako, mgongoni mwako alikuwa mtoto. Mzee alikutwisha neno ambalo hakupaswa kumtwisha mama yeyote, Mungu amrehemu.

Lakini lililofuata ni lako, na hapo sikubembelezi. Pale stesheni ulishindwa kusema, nani asingeshindwa? Kesho yake je? Mwaka uliofuata je? Mtoto wa miaka mitatu alisimama katikati ya nyumba akasema ukweli wiki nyingi, peke yake, na mtu mmoja tu duniani alijua kwamba hakosei. Ukamwacha mpaka akachoka. Unaogopa kumnyang'anya jina? Ulikwisha kumnyang'anya. Sasa unaulizwa kama utamrudishia.

Na huyu Ruphin unamtendea nini? Ana vijana wanne, angeweza kunyamaza akamkalisha wa kwake. Badala yake anakupigia wewe simu. Mtu mnyofu namna hiyo unataka asimame mbele ya ukoo wake na kusema uongo bila kujua? Hata yule mpishi alijua kurudisha kisicho chake.

Siwezi kukuahidi kwamba kiti kitabaki kwenu. Sijui, huenda kikaenda nyumba nyingine. Kikienda, kiende.

Sasa nisikilize. Lile la kumwomba Mungu akuchukue, usilale nalo tena. Nenda kwa padri wiki hii na umweleze hilo kwanza, kabla ya mengine. Mimi ni Muislamu, sikufundishi dini yako, ila najua mlango wa padri umewekwa kwa ajili ya mizigo kama hiyo.

Tiketi isikatwe. Mwenye karatasi ya ukimbizi akirudi nchi aliyoikimbia anaweza kuipoteza, na ya kijana wako ina jina na umri visivyo vyake. Usiende ofisi ya wakimbizi peke yako kujieleza. Wapo mawakili wanaosaidia wakimbizi bila malipo, nendeni pamoja, na mwende baada ya yeye kujua, si kabla.

Kisha kijana. Umwambie mchana, nyumbani, mkiwa wawili. Usianze na vita, usianze na kadi iliyolowa, usianze na machozi. Anza hivi: "Wewe ni Kambale." Kiswahili hicho atakielewa. Halafu mpe yote kwa mpangilio na unyamaze. Atakasirika. Anaweza kuondoka. Usimfuate mlangoni na visingizio, wala usijifanye mgonjwa ili akuhurumie. Hasira hiyo ni haki yake, imengoja tangu akiwa na miaka mitatu.

Ruphin mpigie baadaye, siku hiyohiyo kama unaweza, asisikie kwa mwingine. Mwambie alipozikwa Mumbere, mji na kanisa. Kwenu kuna matanga ya siku tatu ambayo mtoto huyo hajafanyiwa, na hayo hayahitaji mwenye kiti.

Na kijana atakaporudi kwako, baada ya wiki au baada ya miezi, atauliza kaka yake alikuwa mtoto wa namna gani. Hapo usibane maneno. Mwambie alikuwa anacheka vipi, alipenda kula nini, alikataa kuoga au hakukataa. Miaka kumi na sita una habari za mtoto huyo, Masika, na hujampa mtu hata moja.