Mita Nne za Masale

Machame, Jumatano

Kaka Anaeli, shikamoo.

Huku hatujambo. Ng'ombe wa mama amezaa ndama jike, na mvua bado inatusumbua.

Jumatatu niliwaleta wanafunzi wangu wa darasa la sita hapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, wajifunze kuchora ramani. Tulitafuta kaskazini kwa dira, tukapima umbali kutoka kaburi la bibi hadi kwenye masale, mimea ya mpaka wetu na Baba Mdogo Eliakimu. Tukapata mita kumi na nane. Baba Mdogo alikuwa anatutazama. Akaingia ndani, akatoka na ramani aliyochora marehemu baba siku walipogawana shamba, yenye sahihi zao wote wawili. Mita kumi na nne.

"Mwalimu," akaniuliza mbele ya watoto, "ardhi nayo inatembea?"

Nilikumbuka ile wiki ya Krismasi ulivyoshinda pale mpakani na jembe, ukasema unapalilia migomba. Kaka, wewe tangu lini ukapalilia migomba? Mama hadi leo anawasifia majirani kazi yako.

Jumamosi Baba Mdogo analeta mwenyekiti wa kijiji na wazee wa ukoo.

Humu kwenye bahasha nimekuwekea jani la sale, nimelifunga fundo. Unajua kwetu anayeletewa jani hili hawezi kukataa kusamehe. Lakini sitalipeleka mimi. Mkono uliong'oa masale ndio utakaolishika.

Mdogo wako, nitakayekungoja Ijumaa stendi ya Moshi,
Elisifa