Wanja kwenye Saa ya Hewa

Amu, Jumatatu, mwezi 23 Mfungo Sita 1328. Kwa hesabu ya Wazungu, Aprili 1910

Baba Esha,

Nimeigonga saa ya hewa, ile ambayo mshale wake ukishuka huonya tufani, kwa ukucha wa kidole cha mwisho, kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya kahawa. Mshale haukucheza. Mawingu machache upande wa Manda. Upepo hauna mwenyewe. Kaskazi imechoka, kusi haijafika. Bi Zena amechungulia kutoka wikioni, kile chumba kilichovuka juu ya kichochoro mpaka kwake. "Mzee wako asemaje yeo?" Bado anaiita saa hii mzee. Nikamwambia amenyamaza.

Eda yako inaendelea. Sitoki mlangoni. Silalamiki.

Watu hawajachoka kutucheka. Wewe uliisoma saa asubuhi tu, ukaenda zako forodhani. Mimi nimebaki nayo kutwa. Siku ile nilipoona mshale umeshuka alasiri nilipiga ukelele, Bi Zena akaupokea, na Bi Rukia wa nyumba ndefu akaufikisha mtaa wa Langoni. Ndugu yako, shemeji Athmani, akalivuta dau lake juu. Watu wakaanua papa wao. Jua likatua salama, na hata kabla ya adhana mshale ulikwisha kuanza kupanda wenyewe. Sasa najua. Hushuka kila alasiri na kupanda kila jioni, kama kifua cha mtu aliyelala. Hukuniambia. Labda hukujua.

Jumanne, mwezi 24

Eda imeninyima wanja. Nimeupa kazi nyingine. Nimechora alama nyembamba juu ya kioo pale mshale unapofika kila alasiri. Ukivuka chini ya wanja, hilo ni jambo. Usipovuka, ninyamaze.

Bi Rukia anatazama bahari ya Shela, kwa kuwa nyumba yake ndefu. Bi Zena anatazama mawingu ya Manda. Mimi ninayo saa, na leso yako ya kufutia jasho niliyoifunga kwenye ufito ili nione upepo. Wanatuita wanajimu wa darini. Na watuite.

Alhamisi, mwezi 26

Mwenye kuuza tumbaku ya Chundwa ameleta salamu za mwanetu Esha kutoka huko alikoolewa. Mimba imekuwa nzito, miguu imemvimba. Atakuja na bamvua la mwezi mwandamo, maji yakijaa mlango wa Mkanda na dau liweze kupita. Shemeji Athmani amekubali kwenda kumchukua.

Nimefurahi hadi nimeona haya. Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mimi nilimzaa yeye chumba hiki hiki, wewe ukizunguka daka la mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Nimekwisha kuanika godoro. Nimetoa kile kitanda cha kamba cha mamako.

Ijumaa, mwezi 27

Hakuna upepo, lakini Bi Rukia anasema mawimbi yanavunjika Shela kwa sauti nzito, moja, kisha kimya kirefu, kisha jingine. Nilitega sikio. Kweli. Mawimbi bila upepo yametumwa na nani?

Saa ya hewa haijavuka wanja. Nimenyamaza.

Jumapili, mwezi 29

Leso imeelekea baharini tangu alfajiri. Upepo watoka bara. Umande, ule upepo wa bara wa asubuhi, naujua, hufa jua likipanda. Huu umevuma mpaka adhuhuri, wa moto, kama mtu apulizaye jiko. Mawingu ya Bi Zena ni membamba marefu, yote yanatoka mahali pamoja kule kusini na mashariki, kama nywele zilizochanwa kutoka utosini.

Alasiri mshale umefika kwenye wanja. Umepita. Baada ya isha ulipanda kidogo sana, haukufika pa jana.

Tumekutana wikioni watatu. Hatukupiga ukelele. Bi Rukia alisema, "Tukisema tena wakatucheka?" Bi Zena akamjibu, "Kucheka hakuzamishi chombo."

Kuna kitu baharini. Ni kikubwa na kinakuja. Na mwanangu ndiye atakayekuwa juu ya maji.

Jumatatu, mwezi 30

Siku ndefu. Niandike yote kabla mkono haujachoka.

Asubuhi mshale ulikuwa chini ya wanja wa alasiri. Asubuhi! Nikamwita shemeji Athmani. Alikaa daka, mimi nyuma ya pazia.

"Shemeji, kesho usende Chundwa."

"Ni saa tena?"

"Ni saa, na upepo wa bara, na mawimbi ya Shela."

Akacheka, si kwa ubaya. "Bi Mwanaesha, mara ya kwanza nilivuta dau, mgongo ukaniuma siku tatu. Vijana wa Langoni wakiniona huniuliza kama nimepewa ruhusa na mjane kwenda chooni."

Nikamwambia pale kati ya Pate na Manda, kabla ya kuingia Mkanda, bahari iko wazi. Akasema amepita pale tangu hajatahiriwa. Kisha akasema lile lililonichoma: "Usipompokea mwanao, watu watasema nini? Watasema mamake amemkataa." Akaaga, akaenda kupakia maji.

Nililia kidogo. Kisha nikaacha.

Nikamtuma Bi Zena kwa Mwalimu wa msikiti wetu amuulize: mwenye eda aweza kutoka kwa kuokoa mtu? Jibu lilikuja upesi. Kwa dharura, mchana, na usiku umkute kwake. Basi nikaifunga saa ya hewa kwa kitambaa, nikaipakata. Bi Zena na Bi Rukia wakatoa ile shiraa ya zamani, lile hema la nguo tulilokuwa tukitembea ndani yake. Mashimo ya panya kila upande. Bi Rukia alishika fito za mbele, Bi Zena za nyuma. Sikuwa nimekanyaga kichochoro tangu jeneza lako litoke. Mawe yamekuwa yale yale.

Vijana barazani walitupigia makelele. "Hema lina miguu sita!" Mwingine: "Bibi amebeba saa! Ni saa ngapi, bibi?" Bi Zena akamjibu kutoka ndani, "Ni saa ya kwenda kuoga, twasikia harufu." Wakacheka wao kwa wao. Nilimpenda sana Bi Zena wakati ule.

Tulimkuta Athmani kwenye daka la nyumba yake na mabaharia wake wawili. Mkewe akatufungulia tukasimama kwa ndani, nyuma ya pazia. Nikaitoa saa ya hewa chini ya nguo, nikaiweka juu ya baraza la mawe.

Nikasema, "Sikuombi uniamini. Nakuomba ukae nayo. Ni alasiri sasa. Kila siku ya Mungu mshale huanza kupanda kabla ya magharibi. Ule wanja ndio mahali pake pa chini. Ukipanda juu ya wanja kabla ya adhana, nenda kesho, nami nitakuombea. Usipopanda, dau likae."

"Na nikikaa, Esha akazalie Chundwa?"

Nikasema, "Azalie Chundwa."

Sikujua kama ningeweza kulitamka. Nimelitamka.

Akakaa. Mabaharia wakakaa. Mmoja alitia senti ya mzaha: mshale utapanda, bibi atapika biriani. Kahawa ikaletwa. Ikapoa. Athmani aliigonga saa kwa kifundo cha kidole. Nikamwambia kwa ukucha, tena kidogo, ukiigonga kwa nguvu husema uongo. Akageuka akalitazama pazia. Alikumbuka hayo ni maneno ya nani. Yako wewe, ndugu yake.

Mshale haukupanda. Kabla ya adhana ulishuka tena, tukiuona, unene wa uzi. Hakuna aliyecheka. Athmani akasimama, akawaambia watu wake, "Leteni magogo, tulivute dau." Akatoka bila kuniaga. Nami nikarudi nyumbani jua likiwa bado ukutani.

Jumanne, mwezi 1 Mfungo Saba

Dau lake liko juu ya mchanga, limefungwa kwa mnazi. Wenye madau mengine waliona, na baadhi wamevuta yao. Baadhi wameenda.

Sasa hofu mpya. Esha anatungoja. Dau lisipofika, mumewe Bakari ni mtu wa haraka. Anaweza kumtia katika mashua ya baba yake aje naye. Sina njia ya kumpelekea neno. Nimelizuia dau lililomjia, sikuizuia mashua itakayomleta.

Mshale uko mbali chini ya wanja. Nimechora wanja mwingine. Joto. Kunguru wameingia misikitini.

Jumatano, mwezi 2

Mvua ya ubavu. Haianguki, inakuja. Makuti ya jiko la juu yameondoka yote. Maji ya bamvua yamepanda ngazi za forodha. Leso yako imechukuliwa.

Saa ya hewa imo kifuani mwangu ndani ya nguo.

Wamo majini au hawamo. Ya Latifu.

Alhamisi, mwezi 3

Upepo umegeuka, watoka kusini. Mshale umeanza kupanda. Bi Rukia ameanguka ngazini, amechubuka goti, anataka sifa. Tumempa.

Jumamosi, mwezi 5

Kumetulia. Ukuta wa dari wa Bi Zena umeanguka upande wetu, sasa twaonana bila wikio. Minazi mingi imelala Wiyoni. Madau mawili yaliyokwenda hayajarudi. Mojawapo ni la mtu niliyemjua tangu utoto, aliyetuuzia kitanda chetu. Nimepeleka uji kwa mkewe, kwa mkono wa Bi Zena.

Yule kijana aliyeniuliza saa ngapi amekuja daka. Nikamuuliza anataka nini. "Nimekuya kukupigia makuti, bibi." Amekuwa juu ya jiko akiyapiga tangu asubuhi. Hapigi vizuri.

Chundwa hakuna habari. Watu wanasema sikukosea, nilisema kweli. Sitaki kuwa msema kweli. Nataka kusikia.

Kila asubuhi naigonga saa. Kila alasiri natazama. Kazi hii naiweza.

Jumatatu, mwezi 7

Yu hai! Alhamdulillahi. Mwenye tumbaku amekuja kwa miguu na ngalawa, tumbaku yake yote imeoza, amecheka hivyo hivyo akinipa habari. Siku ya kwanza ya mwezi Bakari alikwisha kumpandisha Esha katika mashua ya baba yake. Maji yako magotini mwa watu, wanasukuma. Esha akasema teremsheni. Wakamuuliza kwa nini. Akasema, baba mdogo Athmani hajakosa bamvua hata siku moja; ikiwa hakuja, mamangu amemzuia, na mamangu hamzuii mtu bila saa ya hewa. Bakari akafoka. Yeye akateremka mwenyewe, na tumbo lake, akarudi pwani.

Alizaa siku ya tufani, ndani kwa mama mkwe, mvua ikiwamwagikia. Mtoto wa kike. Jina amepewa na nyumba iliyomzaa, ndiyo haki yao: Mwanakombo, kwa jina la bibi yake wa kule. Nilikuwa nimeweka jina langu jingine. Nimelikunja.

Sikumshika Esha mkono. Sikumkanda. Mwingine ndiye aliyemwadhinia mtoto. Nimekaa na hilo mchana kutwa, na limekaa nami. Lakini ningetoka tena na shiraa ile kesho.

Jumatano, mwezi 16

Baba Esha,

Bamvua la mwezi mpevu. Shemeji Athmani amerudi kutoka Chundwa kupitia Mkanda, maji shwari. Esha bado mchanga wa uzazi, atakuja akimaliza arubaini yake. Mimi nitakuwa nimemaliza eda. Tutakutana sote wawili tumefunguliwa.

Athmani hakukaa daka leo. Alisimama mlangoni, akapitisha mkono chini ya pazia. Kitambaa cheupe kilichofungwa fundo dogo. Ndani yake kitovu cha mtoto, kimekauka, kama kipande cha ngozi ya tende. Esha amesema kisizikwe Chundwa. Kizikwe Amu, nyumbani kwa babu yake, ili mtoto ajue pa kurudi.

Athmani akauliza, "Yeo mzee asemaje?" Hakuwa akifanya mzaha. Nikamwambia, mshale uko juu ya wanja. Akaenda zake.

Nimekizika kiwandani, uani humu ndani, chini ya ule mlimau uliokuwa ukiutemea mbegu zako za tende. Bi Zena ameshika taa ingawa ni mchana, asema ndiyo heshima. Bi Rukia alikuwa darini kwake akitazama bahari, kwa sababu lazima mtu atazame.

Nimefunga leso nyingine kwenye ufito. Hii ni yangu.

Alasiri mshale umeshuka kidogo, kama kawaida yake. Sasa unapanda.

Ukiwa na nafasi huko uliko, nikumbuke.