Beji Kwenye Msumari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko unakomuuguza mama, na mguu wake unazidi kupata nguvu. Mwambie asijifanye msichana. Ile fimbo kapewa ya kutembelea, si ya kuanikia nguo. Wanangu nao wabusu, hasa huyo mdogo anayejidai hanikumbuki. Mimi sijambo, ila barakoa imenichubua masikio.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema shemeji amechongewa kazini, hataki kukutajia ni nani, na umeniomba nimtafute mtu huyo nimpashe ukweli wake. Nimekwisha kumpata. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Barua haikatizwi, kwa hiyo keti.

Unajua kazi aliyonipatia shemeji pale kiwandani, yeye akiwa meneja, tunapofua mashuka ya hospitali. Ugonjwa ulipozidi, wenye kiwanda walileta beji za kuvaa shingoni. Watu wakisogeleana, beji zinalia, na kompyuta yangu inaweka kumbukumbu ya nani alikuwa karibu na nani. Mtu akiugua, tunajua mara moja wa kuwaambia wabaki nyumbani. Sasa fikiria kukunja shuka kubwa: mnaachana, mnarudiana, pembe zinakutana, na kila zikikutana beji zinalia. Chumba kizima kilikuwa kama kimevamiwa na nyenje. Yuko mama mmoja mkunjaji tunamwita Pembe Nne, kwa sababu shuka lisilolingana analirudisha hata likiwa limekunjwa na meneja. Alisema beji yake ina kelele kuliko mawifi zake wote.

Siku ya kwanza shemeji alipanda juu ya kreti, akawaahidi wafanyakazi kwamba beji inatafuta ugonjwa tu, haimtafuti mtu. Mimi nilisimama kando yake nikiitikia kwa kichwa, kisha nikawavisha mmoja mmoja. Na beji zilifanya kazi, dada, sitazisingizia. Dereva wetu alipougua, kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumewajua wote waliopakia naye mizigo. Walibaki nyumbani, wawili wakaumwa, na ugonjwa ukaishia hapo.

Baadaye wanawake wa chumba cha mashuka machafu wakaomba glavu nzuri na feni ya kutoa hewa nje. Pembe Nne ndiye aliyewasemea. Shemeji aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole Pembe Nne huwa anakaa na nani wakati wa mapumziko. Nikamuuliza kama mama wa watu anaumwa. Akacheka, akasema meneja anahitaji macho, na macho ya ndugu ndiyo bora. Nilimkatalia. Akafungua kompyuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na namba ya siri, na wiki iliyofuata wale wanaokaa na Pembe Nne wakahamishiwa kwenye mashuka machafu, mmoja baada ya mwingine.

Watu si wajinga. Bila mtu kuwaambia kitu, wakaanza kufika asubuhi, wanachukua beji kwangu, wanakwenda kuzitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Kwenye kompyuta yangu kiwanda kizima kilikuwa kinashinda kimekumbatiana nyuma ya mlango. Nilicheka mpaka siku mpiga pasi alipoanguka kwa homa. Nilipotafuta alikuwa karibu na nani, jibu likaja: na wote, kutwa nzima, kwenye msumari. Yeye alikuwa amehema kweli karibu na watu wa kweli, na watu hao jioni wanarudi kwa watoto na wazee wenye vifua dhaifu kama cha mama yetu. Sikuwa na namna ya kuwajua. Niliogopa, dada.

Nilikwenda kwa shemeji nikamsihi akawaeleze alichofanya, akaombe radhi, ili wavae tena. Alinijibu kwamba meneja haombi radhi wafua nguo. Akanikumbusha ni nani aliyenitafutia kazi na ninalala nyumba ya nani. Nikamwambia nakumbuka vyote viwili, nikatoka.

Sasa nakujibu ulichouliza. Mtu unayemtafuta ni mimi. Nilipotoka ofisini kwake nilipanda juu ya kreti lile lile, nikawaambia wote kwamba shemeji yangu alitumia beji kujua nani anakaa na nani, na kwamba ahadi niliyoiitikia kwa kichwa imevunjwa. Yeye alikuwa dirishani pa ofisi, barakoa kidevuni, ananitazama. Sikumkwepa. Nikasema namba ya siri nimeibadilisha na kuikata vipande viwili, kimoja ninacho mimi, kingine atakuwa nacho Pembe Nne, asifungue mtu peke yake. Kisha nikawaomba aliyekuwa karibu na mpiga pasi aniambie kwa mdomo wake.

Pembe Nne akaenda nyuma ya mlango, akarudi na beji shingoni, akasema yeye alimsaidia mgonjwa kubeba kikapu na anakwenda nyumbani kujitenga. Wengine wakafuata. Msumari ulibaki mtupu.

Jumatatu wenye kiwanda wanakuja kuuliza yaliyotokea. Nitayasema tena mbele yao, hata wakinifukuza. Sitaki shemeji aharibikiwe. Nimemwambia akikiri mwenyewe nitasimama kando yake kama siku ya kwanza. Lakini asipokiri, sitanyamaza. Najua ni mumeo, na najua ninachokutia moyoni. Ukilia, nisamehe. Ukinikasirikia, nitangoja.

Mpe mama salamu zangu, ila haya usimsomee mpaka atembee vizuri. Nimepanga chumba karibu na kiwanda. Ufunguo wa nyumba yako nimeuacha juu ya jokofu. Sikuuacha kwa hasira. Aliyenipa ni wewe, nami nataka nione kama utanipa tena.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba