Bahasha Tupu kwa Bwana Kilonzo wa Zombe

Mpendwa Mjomba,

Nakuandikia mbele ya watu, kwa sababu nilikukosea nyumbani kwako nawe ukanisamehe humo humo, na mimi, kama ulivyozoea kunitania, siwezi kunyamaza hata nikiwa natafuna. Wasomaji wa gazeti hili wamezoea kuniona nikigombana na serikali. Leo nina neno na wewe peke yako.

Nakukumbuka kwanza siku ya soko, Zombe. Ulikuwa tarishi wa posta. Kila wiki ulitembea kutoka Kitui siku mbili, mfuko begani, ukafika watu wanapima mtama na kubishania bei ya mbuzi. Hukuupeleka mfuko nyumba kwa nyumba. Uliuweka juu ya jiwe mbele ya maduka, ukatoa barua moja moja, ukaita jina kwa sauti iliyofika hadi kwa ng'ombe. Mwenye jina alijibu, "Nipo," akaja kupokea kwa mikono miwili. Ilikuwa kawaida yako, nayo ikawa sheria ya soko: barua isiyoitwa haijafika.

Siku moja, nami nikiwa bado mdogo, uliita, "Bwana Kilonzo wa Zombe." Watu wakageuka. Uliinama ukaweka barua juu ya jiwe, ukazunguka upande wa pili, ukajibu, "Nipo," ukaipokea kwa mikono miwili. Soko zima lilicheka. Mzee mmoja akasema Kilonzo amechoka kutafuta wa kumwandikia, sasa anajiandikia mwenyewe. Wewe hukucheka.

Barua ile ilitoka kwa muuguzi wa misheni, yule Mswisi uliyembebea barua miaka mingi mpaka malaria ikamrudisha kwao. Siku ya kuagana alikuuliza akutumie zawadi gani. Ukamwambia: barua. Akauliza aandike nini, maana Kiswahili chake kilikuwa haba na Kikamba chake kilikuwa salamu tupu. Ukamjibu kwamba umebeba barua za watu wote wa nchi hii na hujawahi kubeba yako. Hata kama hana la kusema, atume.

Naye akatuma. Kila nchi yake ilipotoa stempu mpya ya kumbukumbu, alikwenda posta siku ile ile ya kwanza, akaibandika kwenye bahasha, ikagongwa muhuri wenye tarehe ya siku hiyo, akaandika jina lako kwa wino. Ndani aliweka kadi ngumu isiyo na neno, ili bahasha isikunjike. Miaka ikapita, zikawa kumi na moja. Ulizihifadhi katikati ya mbao mbili laini ulizofunga kwa kamba ya ngozi.

Ni wewe uliyenifundisha kuzithamini, nawe ulifundishwa na Bwana Yusuf, mwenye duka pale Kitui, ambaye ndugu zake hupitisha mifugo kutoka kaskazini na ambaye hukusanya stempu kama wengine wanavyokusanya wake. Ulinionyesha kuhesabu meno ya kingo za stempu pande zote nne. Ulinionyesha muhuri: usomeke wote, na tarehe iwe ndiyo siku stempu ilipozaliwa. Kisha ukaigeuza bahasha nyuma, kwenye mihuri ya njiani, ukaweka kidole juu ya ule wa mwisho, wa Kitui. "Kuanzia hapa," ukasema, "ni miguu yangu." Kwenye stempu iliandikwa Helvetia, jina la kale la Uswisi ambalo halikuwa kwenye ramani ya shule, nami nikasema wamekosea. Ukanijibu kwamba nchi inajua jina lake kuliko mwalimu wangu. Nakumbuka pia ile yenye njiwa aliyetua juu ya upanga uliovunjika, ya mkutano wao wa kupunguza silaha. Uliniuliza ni nani aliyeuvunja. Leo magazeti yanaonyesha kwamba hakuna aliyeuvunja.

Kisha nikaenda chuoni Kampala, nikawa mtu wa kusimama juu ya viti. Nilihutubia juu ya kipande, kile kikopo cha bati kinachoning'inizwa shingoni mwa mwanamume mzima kama kengele ya mbuzi, jina lake likiwa ndani pamoja na alama za vidole vyake, ili kila askari alisome na asimwite bwana. Nilisema Mwafrika amenyang'anywa jina lake. Walinipigia makofi. Makofi, Mjomba, ni chakula kibaya kwa kijana.

Nikaja likizo na zawadi: kitabu cha kuhifadhia stempu, chenye jalada jekundu. Wenzangu chuoni waliniambia mkusanyaji wa kweli huzibandua stempu na kuzipanga kurasani. Wewe ulikuwa njiani na mfuko. Nikachukua karai la maji ya uvuguvugu, nikazilowesha zote kumi na moja, nikazibandua kwa uangalifu niliojivunia, nikazianika, nikazipanga kwa miaka. Bahasha zilizolowa nilizikausha juani, nikawashia moto wa chai. Nilijiambia ni karatasi tupu, na kwamba mjomba wangu amedhihakiwa vya kutosha kwa kutembea siku mbili na bahasha zisizo na kitu.

Ulifika, ukanawa miguu, ukapokea kitabu kwa mikono miwili. Ulifungua kurasa taratibu, ukasifu mstari ulivyonyooka. Kisha ukauliza, "Na jina langu liko wapi?"

Nilikuonyesha majivu kwa kidole.

Ulikifunga kitabu. Ukakaa. Ukasema, "Basi shule bado haijaisha," ukamwomba Mama Mwikali, mkeo, ayaongeze maji ya chai. Ndivyo ulivyonisamehe. Bwana Yusuf hakuwa mpole hivyo. Nilipompelekea kitabu anithibitishie kwamba angalau stempu ni nzima, alizipitia kwa kioo chake, moja baada ya moja, akanirudishia. "Umemchinja ng'ombe," akasema, "ukaniletea kengele."

Mimi niliyelilia jina la Mwafrika majukwaani, nililichoma la mjomba wangu mara kumi na moja. Jina lako lilikuwa mahali pawili tu duniani: ndani ya kikopo cha bati, na juu ya bahasha zile, ambako posta za nchi kadhaa zilikubali kukuita Bwana na kukutafuta hadi Zombe. Nikaacha la kikopo, nikaunguza lingine.

Ulifariki kabla ya mvua za masika. Muuguzi hakupata habari, na wiki iliyopita bahasha ya kumi na mbili ikafika Kitui. Bwana Yusuf aliniita nikipita dukani. Tuliithamini pamoja: meno kamili, muhuri wazi, tarehe ya siku ya kwanza, mihuri ya njiani nyuma. Alisema wakusanyaji wa Nairobi hupenda bahasha isiyoandikwa jina. Nikamwambia hii haiuzwi. Akaifunga katika kitambaa safi, akanikabidhi.

Niliibeba kwa miguu yangu, njia yako, siku mbili. Nilifika jioni, nikampa Mama Mwikali mlangoni. Aliishika, akaitazama mbele na nyuma, kisha akauliza nani ameiita. Nikasema hakuna, nimeileta mwenyewe. "Mwanangu," akasema, "kelele zako zote, na hapa ndipo umenyamaza?"

Bahasha ile ameiweka kati ya mbao zako mbili, nzima, na maji hayataigusa. Lakini haijaitwa, na kwa sheria yako haijafika, wala haiwezi tena kurudi mfukoni mwa posta. Kwa hiyo leo nimenunua bahasha mpya pale posta ya Kitui. Nimebandika stempu yenye kichwa cha mfalme, na safari hii sina ugomvi naye. Nimeandika kwa wino jina lako lote, na neno Bwana mbele yake. Ndani nimeweka kadi ngumu, basi. Maneno nimeyatoa hapa, yasomwe na kila mtu. Bahasha nimeituma tupu.

Tarishi mpya ni kijana mwenye sauti nzuri. Siku ya soko atauweka mfuko wake juu ya jiwe lako na kukuita. Mama Mwikali atakuwa mbele ya maduka tangu asubuhi. Ameniambia nisije, nisije nikahutubu. Atajibu mwenyewe.

Kwaheri, Mjomba. Pumzika miguu.

Mimi mpwa wako,
niliyezilowesha zile kumi na moja.