Nyumba Isiyo na Ukuta wa Kati

Jumamosi, 4 Mei
Nimefuta kaunta ya jikoni, nimekaa mezani kwangu katikati ya sebule. Ndipo ninapochorea ramani za nyumba za watu. Kutoka hapa naona jiko, meza ya chakula, mlango wa choo, korido ya vyumba. Hakuna ukuta hata mmoja wa kati. Niliichora mwenyewe. Siku ya mnada watu wa Ikungi hupita kuitazama. Najivunia, sifichi.

Jumanne, 7 Mei
Mama yake Neema amefika kutoka Ihanja. Nyumba yake ya tembe ilianguka upande mmoja kwa mvua, na Neema, mke wangu, hataki mama yake alale humo tena. Atakaa nasi moja kwa moja. Nimempa chumba cha mwisho, jua la asubuhi linaingia. Alipita sebuleni amejifunika kitenge hadi usoni. Nikageukia dirishani, kama impasavyo mkwe. Hatukuonana. Vizuri.

Alhamisi, 9 Mei
Hatoki chumbani. Neema anampelekea chakula. Uchovu wa safari, nadhani. Ingawa Ihanja si mbali.
Nimemaliza ramani ya mteja wa Mitundu. Sebule na jiko pamoja, kama kwangu. Anakuja tarehe 26 kuona mfano.

Jumatatu, 13 Mei
Nilitoka kwenda dukani, nikarudi ghafla kuchukua simu. Kitenge kilikuwa kinakimbia kutoka chooni kwenda koridoni. Bibi wa miaka sabini anakimbia ndani ya nyumba yangu.
Kumbe huningoja nitoke. Nami nashinda hapa katikati tangu asubuhi. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani.

Alhamisi, 16 Mei
Mama ana homa. Neema amempeleka kituo cha afya. Hanywi maji, daktari kasema. Neema ndiye aliyenieleza: anajinyima makusudi, asishikwe na haja mchana. Na akipona kidogo anarudi Ihanja, kwenye ile nusu iliyobaki.
Neema alinifikishia maneno ya mama yake bila kuongeza lake.
"Nyumba ni nzuri sana. Ila haina pa kupita mtu mwenye haya."
Mimi ni Mnyaturu. Mkwe hapiti mbele ya mkwe, nimelijua hilo tangu utotoni. Nikachora kama mtu asiyejua. Naona aibu.

Ijumaa, 17 Mei
Neema anasema nihamishe meza tu. Lakini nikila je? Wageni wakija je? Dawa ni ukuta wa kumfichia njia, kutoka korido hadi chooni na mlango wa nyuma wa jiko. Utakula theluthi ya sebule. Jiko litakuwa giza. Na mteja anakuja kuona nyumba isiyo na ukuta.
Mama anaondoka Jumatatu. Sijaamua.

Jumamosi, 18 Mei
Nimemwita fundi. Ni yule yule aliyejenga. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanikumbusha kwamba ukuta huo aliupendekeza tangu msingi, nikamwita mshamba. Kweli nilimwita. Nimemwambia achanganye saruji.

Jumatatu, 20 Mei
Ukuta umefika juu. Tumeacha matundu karibu na dari, mwanga upite. Sebule imekuwa ndogo, inaniudhi. Mama hajaondoka. Hajafungua mzigo pia.

Jumapili, 26 Mei
Mteja amekuja. Akauliza ukuta huu umetoka wapi, kwenye picha haukuwapo. Nikamuuliza kama mama mkwe wake yu hai.  Akasema nimchoree ukuta na yeye.
Alipoondoka nilirudi mezani. Nyuma ya ukuta nikasikia kandambili. Polepole, hazikimbii. Bomba likafunguliwa, kikombe kikajaa.
Wiki tatu karibu, na sikuwahi kumwamkia. Nikasema shikamoo mama, macho yangu kwenye plasta.
"Marahaba, baba. Umeshindaje?"
Nikajibu salama. Akanywa. Kandambili zikaendelea kuelekea mlango wa nyuma.