Fimbo ya Usukani

Mchangani, Unguja
10 Novemba 1968

Dada yangu mpenzi Bi Mwatima,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemegi Simai, na mwanetu Kazija na ujauzito wake. Goti lako je, limepoa? Sie huku hatujambo. Nimechelewa kuandika, na sababu yake utaiona humu humu.

Najua nyote Mkokotoni mnalingojea gari. Lile lililokuja vipande vipande ndani ya kasha, mwenyewe akaondoka nchini asiliunge, sasa limesimama kwa magurudumu yake. Miaka miwili nimeliunga, na nyuma nimelitilia kitanda cha mbao cha kulaza mgonjwa, maana tangu mdogo wetu Mwanakheri atufie njiani juu ya gari la ng'ombe, ile safari haijanitoka. Kilichokosekana kashani ni usukani na fimbo yake, ile inayoshuka kutoka mikononi mwa dereva kwenda kugeuza magurudumu. Nikatafuta mji mzima, mwisho nikavipata kwenye lori bovu kule Fumba.

Mara ya kwanza mkaguzi wa magari, Bwana Borafya, alilikataa. Aliuzungusha usukani upana wa vidole vinne ndipo magurudumu yakashtuka, akasema gari lenye mchezo namna ile haliendi barabarani. Akanipa wiki mbili. Nikakaza kila nati, usiku na mchana sina raha.

Alhamisi nikarudi. Akauvuta usukani, akausukuma, akauzungusha hadi mwisho kulia na kushoto, kisha akaingia chini ya gari na tochi. Alikaa kule hata jasho likawa linanishuka mgongoni. Akaniuliza kutoka huko huko chini, "Silima, fimbo hii nzima, au imeungwa?"

Nikamjibu, "Nzima."

Akatoka, akajipangusa vumbi, akapiga muhuri. Akasema kazi ya mkono wangu anaiamini. Mafundi wenzangu wakanipongeza, mke wangu Wanu akapika biriani.

Dada, haikuwa nzima. Fimbo ya lori ilikuwa fupi, nikaichomelea kipande kingine, nikakipiga tupa kile kiungo, nikakipaka rangi nyeusi kisionekane. Na kilishapata ufa mara moja kabla ya ukaguzi, nikakichomelea tena. Nilijua. Nilijiambia fimbo nyingine sitaipata, na Kazija siku zake zinakaribia.

Ijumaa baada ya sala nikalijaribu hadi Mtoni, peke yangu. Kwenye kona nikausikia usukani unatetema kidogo kiganjani, basi. Nikarudi polepole, nikakwangua rangi. Ufa umerudi, mwembamba kama unywele, na cheti mfukoni kinasema gari ni zima.

Kilichonitisha zaidi si ufa. Ni kwamba nilikuwa nshaanza kuwasha moto nichomelee mara ya tatu. Nikauzima, nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata fimbo vipande viwili, nisije nikajidanganya tena. Nimevitia katika gunia pamoja na cheti. Kesho nnavipeleka kwa Bwana Borafya, nimwambie kwa mdomo wangu kuwa nilimwambia uongo. Atakalonifanya silijui. Leseni yangu ya ufundi huenda ikaenda, na pengine nami nikaenda nayo.

Kwa hivyo gari haliji. Waambie watu ukweli wote, usinistiri. Na Kazija asingoje siku zitimie. Maadamu bado ana nguvu, apande basi wiki hii, aje akae kwetu karibu na hospitali. Wanu keshamtandikia kitanda, na atampokea Darajani kituo cha basi, mie niwepo nisiwepo.

Nisalimie shemegi, na wote wanaouliza habari zangu. Niwie radhi, dada, na uniombee kheri.

Ni mie nduguyo,
Silima